Daudi Hakufunga Ndoa

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba ukiwachukua wanyonge wawili ukawafunga kamba moja kiunoni, tayari umepata shujaa. Imani hiyo ilivuma sana Nairobi kuanzia Februari 2019, pale Airtel Kenya na Telkom Kenya zilipotangaza kwamba zimekubaliana kuunganisha biashara zao ili ziweze kukabiliana na Safaricom. Kampuni ya pili kwa ukubwa na kampuni ya tatu, mahasimu wa jana, leo wanataka kulala kitanda kimoja! Watu wakaiita ndoa. Wengine wakaiita Daudi na Goliathi. Na wale wasiopenda maneno mengi wakamaliza kwa methali: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Agosti 2020 Telkom ikatangaza kwamba mpango umeachwa. Mwaka mmoja na nusu wa uchumba, kisha kila mtu akarudi kwao. Tangu hapo umezuka wimbo usiokwisha vijiweni: laiti wangeungana, bando lingekuwa bei ya mchicha. Laiti serikali isingewachelewesha. Laiti Safaricom isingetia mguu njiani.

Mimi siulilii muungano ule. Nasema waziwazi, na mwenye kukasirika akasirike: haukuwa dawa ya ugonjwa wetu. Soko letu la simu lina ukuta katikati, na ukuta hauanguki kwa sababu watu wawili walio nje wameshikana mikono. Ukuta hutobolewa mlango. Hilo ndilo neno langu lote, na yanayofuata ni ushahidi.

Utaniuliza, mwandishi mwenzangu, habari za kampuni za simu zinatafuta nini katika jarida la hadithi na mashairi? Hebu jiangalie. Kijana wa leo anaandika hadithi yake kwa kidole gumba, ndani ya matatu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Anamtumia mhariri kwa bando. Akilipwa (akilipwa, nasema!) hela inaingia kwenye simu hiyohiyo. Wakubwa wetu walihangaika na bei ya karatasi na foleni ya mpiga chapa. Karatasi yetu sisi ni bando, na mpiga chapa wetu ni mtandao. Anayepanga bei ya bando anapanga nani ataandika na nani atanyamaza. Basi habari hii ni yetu kabla ya kuwa ya wachumi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu waliotuimbia umoja hawakupenda kuifanya. Wakati mpango ulipotangazwa, Safaricom ilikuwa na karibu theluthi mbili ya laini zote za simu nchini. Airtel ilikuwa na kama robo, na Telkom haikufika laini moja katika kila kumi. Jumlisha. Unapata theluthi moja. Yaani baada ya nderemo, vifijo na keki, bado jitu lingekuwa mara mbili ya maharusi wote wawili wakisimama pamoja.

Na hata theluthi hiyo ni ya kuhesabu kwa uangalifu, maana sisi wa mtaani tunajua siri ya laini mbili. Kijana ana simu moja yenye nafasi mbili za laini. Laini ya kwanza ni ya Safaricom: hiyo ndiyo namba anayojulikana nayo kwao, ndiyo ya kupokea pesa, ndiyo ya kulipa kodi ya nyumba, ndiyo ya chama, ndiyo ya mchango wa matanga. Laini ya pili ni ya kuwinda bando la bei nafuu. Bando likiisha, au likipanda bei, laini ya pili inang'olewa na kutupwa kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Mteja wa namna hiyo ni mgeni wa kupita. Amekuja kunywa chai, hakuja kuishi. Na ukijumlisha wageni wa nyumba mbili hupati wenyeji.

Kinachomfanya mtu awe mwenyeji ni M-Pesa. Ilianza Machi 2007 kama njia ya kutuma pesa nyumbani, ikageuka mfuko wa suruali wa nchi nzima. Mwaka 2012 ikaongezwa M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo inakuwezesha kulipa hata salio lisipotosha na kukuachia deni. Tazama tarehe hizo, ndugu yangu. Fuliza ilitoka Januari. Maharusi wetu walitangaza posa Februari. Wakati wao wanapiga hesabu za minara, mwenzao alikuwa amekwisha kuingia mfukoni mwa mama mboga na kumfungulia daftari la mkopo.

Na wao walikuwa na nini mfukoni? Mmoja alikuwa na Airtel Money. Mwingine alikuwa na T-Kash, iliyozinduliwa mwaka 2018, miaka kumi na moja baada ya M-Pesa. Ukishona mifuko miwili mitupu unapata mfuko mmoja mkubwa, mtupu.

Hapa nataka nitue kidogo, kwa sababu liko jambo ambalo sisi watu wa maneno tungeliona mapema kama tungefungua macho. Sikiliza majina: M-Pesa. Sambaza. Okoa Jahazi. M-Shwari. Fuliza. Jitu lile lilijifunza kusema nasi. Deni la vocha likaitwa kuokoa jahazi! Ni deni, wala tusidanganyane, lakini lilikuja na jina ambalo nyanya yangu na yako wangelielewa bila mkalimani. Wapinzani wakatuletea Money na Kash. Mtu anayetaka kumng'oa mwenzake moyoni mwa watu aanze kwa kuwaita watu kwa lugha yao. Hilo halihitaji kuungana na yeyote, wala idhini ya mamlaka yoyote.

Haya, turudi nyuma kidogo, maana hadithi ya Daudi na Goliathi ilivyosimuliwa ilirukwa ukurasa wa kwanza. Goliathi wetu hakutoka nchi ya mbali. Safaricom ilisajiliwa mwaka 1997 na kulelewa chini ya paa la shirika la umma la posta na simu. Shirika hilo lilipogawanywa mwaka 1999 ndipo ilipozaliwa Telkom Kenya. Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ikaingia na kuchukua asilimia 40 ya Safaricom, na asilimia 60 ikabaki kwa Telkom. Umesikia? Telkom ndiyo iliyokuwa mzazi. Ilipofika mwaka 2007, Telkom ikitayarishwa kuuzwa kwa France Telecom, hisa zile za Safaricom zilihamishiwa serikalini. Mama alinyang'anywa mtoto kisha akapelekwa mnadani. Miaka kumi na mbili baadaye mama huyohuyo anavishwa shela na kuambiwa akapigane na mwanawe. Hiyo ni tamthilia nzuri, sikatai, ila si hadithi ya Daudi.

Na huyu mwenzake? Airtel ilianza mwaka 2000 ikiitwa Kencell, na ilikuwa na nafasi sawa kabisa mlangoni. Lakini Kencell ilitoza simu kwa dakika, Safaricom ikatoza kwa sekunde. Kwa mwenye gari na ofisi tofauti hiyo ni chenji. Kwa mtu wa kibarua, anayepiga sekunde kumi kusema "nimefika salama", hiyo ilikuwa tofauti kati ya kupiga simu na kutopiga. Safaricom ilimfuata mtu wa sekunde kumi. Huo ulikuwa ushindi wa haki, na mimi sina choyo nao.

Baada ya hapo wapinzani wakaanza kubadili majina kama mtu anayekimbia madeni. Kencell mwaka 2000. Celtel mwaka 2004. Zain mwaka 2008. Airtel mwaka 2010. Upande wa pili Telkom ikawa Orange mwaka 2008, kisha ikarudi kuwa Telkom mwaka 2017. Kila mara rangi mpya ukutani, fulana mpya za bure, tangazo jipya la redio, na kila mara mteja anauliza swali lilelile: nikihamia kwenu, pesa yangu inahama? Jibu lilikuwa hapana. Na jina la "Airtel-Telkom" lingejibu vipi swali hilo? Lingekuwa rangi nyingine ukutani.

Wanaosema "hatujawahi kujaribu kuungana" wamesahau yu. Kampuni ile ya Essar ilishindwa na soko, na mwaka 2014 ikagawanywa kama mbuzi wa karamu. Airtel ikachukua wateja. Safaricom ikachukua mitambo. Mnyonge alibeba abiria, jitu likabeba basi! Tulikuwa na mitandao minne tukabaki na mitatu, na aliyekuwa juu akabaki juu. Hilo lilikuwa somo la wazi, limeandikwa ubaoni kwa chaki nyeupe. Miaka mitano baadaye tukaambiwa tuache mitatu tubaki na miwili, kisha tupige makofi kwa jina la ushindani.

Sasa tuitazame hiyo ndoa yenyewe, na hasa wakwe. Telkom wakati ule ilimilikiwa kwa asilimia 60 na Helios, mfuko wa uwekezaji wenye makao London, na kwa asilimia 40 na serikali ya Kenya. Airtel ni ya Bharti ya India. Na Safaricom, adui wa kupigwa vita? Serikali hiyohiyo ya Kenya ilikuwa na asilimia 35 ya hisa zake. Jamani! Serikali ilikuwa na mtoto katika kila timu, na filimbi ya refa ilikuwa mdomoni mwake. Safaricom ikinenepa, hazina inapata gawio na kodi. Telkom ikikonda, hazina inakula hasara ndogo. Wewe ungekuwa ndiwe waziri wa fedha, ungeombea nani ushindi?

Mahari nayo tuikague. Mwaka uliotangulia posa, Telkom ilikuwa imekubali kuiuzia American Tower mamia ya minara yake. Majumba na viwanja vyake, ambavyo ndivyo mali ya urithi hasa, vilitengwa kando ya mkataba. Ukishaondoa minara iliyouzwa, na majumba yaliyotengwa, bibi harusi alikuja na sanduku la masafa ya redio, wateja wa kupita, na wafanyakazi. Na wafanyakazi hao nao hawakualikwa wote. Kati ya mwaka 2019 Telkom ilitangaza mpango wa kupunguza watu zaidi ya 500. Hao ndio waliolipia chakula cha harusi ambayo haikufungwa. Wachambuzi wetu walioshangilia ushindani hawakuwataja hata kwa sentensi moja.

Kisha zikaja pingamizi. Safaricom ikadai madeni yake ilipwe kwanza. Tume ya kupambana na ufisadi ikataka mambo yasimame huku ikichunguza jinsi Telkom ilivyobinafsishwa mwaka 2007 na yaliyofuata. Desemba 2019 Mamlaka ya Ushindani ikakubali, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba kampuni mpya isiuzwe ndani ya miaka mitano. Miezi minane baadaye mpango ukafa, na Telkom ikasema ugumu wa kupata idhini zote ndio uliouua. Labda. Lakini hebu lipime sharti lile la kutouza kwa miaka mitano. Mtu anayeoa ili aishi na mke hasumbuliwi na sharti la kutomwacha kabla ya miaka mitano. Nani anayesumbuliwa nalo? Jibu unalo.

Najua watakaoniambia: "Wewe unabisha tu, muungano haukufanyika, huwezi kujua ungeleta nini." Hoja nzuri. Bahati njema ulimwengu umetufanyia jaribio bila kutuomba ruhusa. Tangu mwaka 2020 Telkom imeporomoka hadi chini ya asilimia 5 ya laini. Serikali ilimlipa Helios zaidi ya shilingi bilioni 6 Agosti 2022, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na mwaka uliofuata baraza jipya la mawaziri likaufuta ununuzi huo na kutafuta mnunuzi mwingine. Airtel nayo, peke yake, bila shela wala pete, imepanda hadi karibu theluthi moja ya laini zote.

Theluthi moja! Ndiyo ileile tuliyoipata tulipojumlisha maharusi wawili mwaka 2019. Kile ambacho ndoa ingekileta kimekuja chenyewe, kwa miguu. Na Safaricom iko wapi? Iko palepale, karibu theluthi mbili. Mfuko bado ni wake. Kama umoja ndio uliokuwa nguvu, nguvu hiyo tumeipata kwa njia nyingine, na Goliathi hakupepesa jicho.

Basi nini kiliwahi kumfanya apepese? Hapa ndipo penye nyama ya hoja yangu, usikilize vizuri.

Ukipiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, mtandao wako unaulipa ule mwingine ada ya kupokea simu hiyo, na ada hiyo hupangwa na mamlaka ya mawasiliano. Agosti 2010 mamlaka ilipunguza ada hiyo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Mwezi uleule Zain ikashusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika kwa mitandao yote. Mji mzima ulisikia mlio! Watu waliongea mpaka masikio yakapata moto. Ilipofika mwaka 2014 ada ilikuwa 0.99, na mwaka 2022 ikashushwa tena hadi 0.58. Hakuna kampuni iliyomeza nyingine ili hilo litokee. Ilitosha kalamu moja ya afisa aliyekumbuka kazi yake.

Mwaka 2014 tena, Mamlaka ya Ushindani iliiagiza Safaricom iwaache mawakala wa M-Pesa wafanye kazi na mitandao mingine pia. Kabla ya hapo, yule dada wa kibandani akikaa na ubao wa kijani alikuwa amefungwa kwa bwana mmoja. Mwaka 2018 ikawezekana kumtumia mtu wa Airtel pesa kutoka M-Pesa ikaingia kwenye pochi yake moja kwa moja, badala ya kumtumia namba za siri akahangaike nazo kwa wakala. Mwaka 2022 mteja wa Airtel akaanza kuweza kulipa dukani kwenye namba ya till ya M-Pesa. Kila tundu hilo lilitobolewa ukutani. Na si ajabu kwamba miaka hiyo ya matundu ndiyo miaka ambayo Airtel imekuwa ikipanda.

Linganisha na lile zoezi la Aprili 2011, tuliporuhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Lilishangiliwa, likafa kifo cha mende. Kwa nini? Kwa sababu namba ilihama lakini M-Pesa haikuhama nayo. Ukimwambia mpangaji ahame nyumba lakini aache kitanda, sufuria na watoto kwa mwenye nyumba wa zamani, usishangae akikaa.

Mkibisha, vukeni mpaka mwende Tanzania. Huko mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel, mahasimu wanaogombania mteja mmoja, walikubaliana kwamba pesa iweze kupita kutoka pochi ya mmoja kwenda pochi ya mwingine. Vodacom, mkubwa wao mwenye M-Pesa ya huko, akaingia mwaka 2016. Kila mmoja alibaki na jina lake, wafanyakazi wake na ugomvi wake. Ni kweli Tigo ilikuja kuimeza Zantel, iliyoinunua mwaka 2015, kwa hiyo sisemi kwamba ndoa hazifungwi kule. Nasema kwamba mlango ulifunguliwa kabla ya ndoa na bila kuingojea. Matokeo yake? Tanzania hakuna kampuni ya simu yenye theluthi mbili ya laini, wala nusu. Wapinzani waliona kwamba wanaweza kushirikiana barabarani wakagombana sokoni. Huo ndio umoja ninaouelewa mimi. Methali haikusema "kumezana ni nguvu".

Atatokea mtu aseme: "Safaricom imejenga kwa jasho lake, kwa nini iwafungulie wavivu?" Nami namjibu kwa heshima: jasho nimelitaja, wala silipunguzi hata tone. Mtu akijenga barabara kwa fedha zake ana haki ya kutoza ushuru. Lakini barabara ile ikiwa ndiyo pekee iendayo sokoni, zahanati na shule, hana haki ya kumwambia mwenye punda wa jirani apite porini. Pia tusisahau barabara hii ilianza kujengwa na shirika la umma, kwa kodi ya baba zetu.

Kwa hiyo madai yetu yawe haya, na tuyaseme kwa sauti ya kusikika. Kutuma pesa kwenda mtandao mwingine kusiwe na adhabu yoyote, iwe ya bei au ya usumbufu. Pochi yoyote ilipe popote: dukani, shuleni, hospitalini, kwa mwenye nyumba. Mtu anayehama na namba yake ahame na historia yake ya kukopa na kulipa, maana historia hiyo ni yake, si ya kampuni. Na serikali ichague: ama kuwa mwenye hisa, ama kuwa refa. Haiwezi kula gawio asubuhi na kupuliza filimbi jioni.

Mtaona sijadai kampuni yoyote iungane na yoyote. Wakitaka kuungana kesho, shauri yao, wana mali zao. Lakini wasituuzie harusi yao kama ukombozi wetu. Kila mara kampuni mbili zinapokaa chumba cha baridi na kusema "tunaungana kwa faida ya mteja", mteja hayumo chumbani. Yuko nje, kwenye jua, anajaza bando la mbao, analihesabu kama mtu anayehesabu tembe za mwisho za dawa.

Na ninyi waandishi vijana, hasa mnaoanza, nina neno nanyi. Safari ijayo mkipewa sitiari na msemaji wa kampuni, isugueni kwanza kama sarafu mnayoishuku. "Ndoa" hufanya biashara ionekane mapenzi. "Daudi" hufanya mfuko wa uwekezaji uonekane mchungaji wa kondoo. Sisi tuliyachukua maneno hayo bure, tukayasambaza mitaani bure, na wenye kampuni hawakutulipa hata vocha.

Kama mnampenda Daudi kweli, rudini mkamsome. Mfalme Sauli alimvika mavazi yake ya vita, kofia ya shaba na upanga, ili naye afanane na jitu. Daudi akajaribu kutembea, akaona hayamfai, akayavua. Hakutafuta mnyonge mwingine wa kujifunga naye. Aliinama mtoni akaokota mawe matano, akachukua kombeo, silaha ambayo Goliathi hakuijua.

Kombeo letu ni kanuni iliyoandikwa vizuri na kusimamiwa bila woga. Kanuni ni maandishi, na maandishi ndiyo kazi yetu. Mamlaka ya mawasiliano huita maoni ya wananchi kila inapotaka kubadili kanuni zake, na viti vya wananchi hukaa vitupu huku vya mawakili wa kampuni vimejaa. Twendeni tukavikalie. Tuandike kwa Kiswahili kilichonyooka, tutie saini, tudai majibu.